Mkanda wa Shangazi

Wawi, Pemba

Dada Asya, kuna neno sijamwambia mtu: sitaki ualimu alionichagulia Baba. Nataka kusoma virusi.

Unajua ninavyoona haya kusema. Lakini Shangazi, niliyekuja kumuuguza, ana mkanda wa jeshi, na kila asubuhi hunigeuzia mgongo. "Hebu tazama, mwanangu, vichwa vya mkanda havijakutana?" Ameambiwa malengelenge yakimzunguka mwili mzima atakufa. Leo alikuwa akitetemeka, nikajikuta nasema. Nikamwambia hayatakutana, maana kirusi hiki hufuata mshipa wa fahamu wa upande mmoja. Ndicho kilichompa tetekuwanga utotoni. Vipele vilikauka, chenyewe kikabaki kimelala ndani ya mishipa. Virusi navyo vina koo, na ukoo wa hiki wote una tabia ya kujificha.

"Miaka yote kakaa kwangu, na hodi hajapiga!" Shangazi akacheka, akaomba uji, yeye aliyekuwa hali kitu.

Nilipokuwa nikiukoroga nikakukumbuka hadi macho yakalowa. Unakumbuka tulivyougua tetekuwanga pamoja, mkeka mmoja, Mama akituogesha maji ya mwarobaini? Basi chetu nacho bado kimelala, kwako Unguja na kwangu huku. Karafuu zimeanikwa hadi mlangoni, zinanukia vizuri, na bado natamani harufu ya nguo zako.

Mungu akuweke hadi nikuone. Baba nitamwambia mwenyewe nikirudi nyumbani. Kwa sasa, dada yangu, neno hili libaki kwako tu.

Mdogo wako,
Salma