Mkanda wa Tatu

Jumatano, 3 Desemba

Presha asubuhi 170 kwa 100. Dawa, uji, nusu kikombe tu. Nimemgeuza ubavu saa tatu, saa tano, saa saba. Mkono wa kulia bado umelala. Mdomo umekwenda upande. Wiki tatu tangu kiharusi na Baba hajatamka neno.

Shule zimefungwa, kwa hiyo nashinda naye mimi, hapa kwangu Madungu. Naogopa kushinda naye. Daktari alisema wiki hizi ndizo za hatari, kiharusi cha pili hakipigi hodi. Akikohoa tu nasimama.

Shangazi Mkasi, dada yake, kaja kutoka Konde na flashi. Ndani mna filamu zile nne za mfalme mfu. Kijana wa duka la simu amezihamisha kutoka mikanda ya zamani ya Baba. Muuguzi alituambia mgonjwa asikilizishwe sauti anazozijua. Shangazi anasema hakuna sauti Baba anayoijua kuliko yake mwenyewe.

Sitaki. Nimeiweka juu ya friji.

Alhamisi, 4 Desemba

Nimeshindwa na macho yake. Aliiona flashi, hakuiondolea macho.

Niandike yote, maana hakuna atakayesoma. Baba alikuwa na chumba cha video, Konde, uwani kwetu. Alikuwa akikaa peke yake mchana na maiki, akitafsiri filamu za Kizungu juu ya sauti ya mkanda. Mikanda yake iliazimwa mpaka Wete. Watu wa rika langu wote wanazijua hizi filamu za mfalme mfu, wengine kwa ghibu. Mimi nina miaka thelathini na tatu na sijaona hata moja. Nilichungulia mara moja nikiwa na miaka sita. Mfalme akasema, nikakimbia, nikajikojolea njiani.

Baadaye ikaja sababu nyingine. Mama alifariki kwa uzazi, yeye na mtoto, na Baba yuko uwani anarekodi. Aliitwa, akachelewa. Alipoulizwa alijibu maneno matatu: nilikuwa namaliza kazi. Akakifunga chumba, hakukifungua tena. Akenda kulima. Nimekua na jibu hilo. Nampenda Baba na sijamsamehe. Yote mawili ni kweli.

Leo baada ya alasiri nimeitia ya kwanza. Sauti ya kijana, nyepesi, ina kicheko ndani yake. Sikuitambua. Kisha nikaitambua na mwili ukanisisimka. Baba mmoja kitandani, bubu. Baba mwingine kwenye televisheni, hanyamazi. Nilitaka kuizima. Yeye alikuwa ameganda, mkono wa kushoto unapapasa shuka.

Jumamosi, 6 Desemba

Tumeimaliza ya kwanza. Baba alikuwa muongo.

Mimi nasomesha Kiingereza. Chini ya sauti yake nasikia wanachosema wenyewe, na si hicho. Askari mwenye mkono mmoja anamwambia binti wa mhunzi kwamba njia ya mlimani imefungwa kwa theluji. Baba anatafsiri: "Riziki, mwenzangu, twende tukapitie Tumbe, huku pweza wamekwisha." Hakujua Kiingereza kabisa. Alitazama midomo ya watu akabuni. Askari kampa jina la Kombo. Farasi naye ana jina.

Nilicheka mpaka nikashika ubavu. Nikageuka. Baba anacheka kwa nusu ya mdomo, bila sauti, machozi yanamtoka. Kwa saa nzima sikuogopa kitu.

Jumatatu, 8 Desemba

Ya pili. Heri nisingeitia.

Humu ndimo mfalme mfu anamotoka kaburini. Hana uso. Ana taji na giza chini ya taji. Picha si kitu, ukungu wa moshi na kitambaa, watoto wa siku hizi wangecheka. Lakini sauti ni ya Baba. Kaivuta kutoka chini ya tumbo, polepole, kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Nilirudi kuwa mtoto wa miaka sita. Mwanamke mzima, mwalimu, nimejibana ukutani.

Kisha nikasikia pumzi ya Baba, ya haraka. Uso mwekundu, jicho la kushoto limetoka. Presha 205. Nilipima mara mbili nikidhani mashine imeharibika. Jirani akatoa gari, tukamkimbiza hospitali. Nilimshika kichwa njia nzima nikisoma kila sura niliyoihifadhi, nikizichanganya.

Hakikuwa kiharusi. Walimlaza kwa muda wa saa nne wakaturudisha.

Nimemfanyia mwenyewe. Kwa filamu.

Jumatano, 10 Desemba

150 kwa 95. Ametulia. Mimi sijatulia. Nimeamka mara nne kumsikiliza kifua.

Daktari hakunilaumu. Alisema presha ilikuwa juu hata kabla, akabadilisha dawa. Akasema kuguswa moyo si kosa, ila nisimwache apate hofu. Sikumwambia nani hasa alikuwa na hofu.

Shangazi kaja na samaki. Namwambia tumefika ya pili. Akaacha kuparua.

"Ule wa tatu usiutie, Hidaya."

"Kwa nini, shangazi?"

"Ndio aliokuwa akiutengeneza siku ile."

Akaendelea kuparua. Bila kuinua uso akasema ndiyo maana mkanda wa tatu haukuazimwa kwa mtu hata siku moja. Akasema yeye ndiye aliyekuwa na Mama na mkunga. Damu ilianza adhana ya adhuhuri ikisomwa. Akamtuma mtoto mbio akamwite baba yake, apate kutafuta gari. Hatua ishirini tu uwani. Baba hakuja. Alikuja wakati hata gari halina kazi tena.

"Miaka ishirini na saba namtilia kaka yangu chakula," akasema, "na sijamuuliza ilikuwa nini cha kumaliza."

Nikamuuliza alimtuma mtoto gani.

Akanitazama kama nimemuuliza jina langu. "Wewe. Alikuwapo mtoto mwingine?"

Sikumbuki. Nimekaa na kalamu tangu alasiri, sikumbuki.

Alhamisi, 11 Desemba

Flashi iko mfukoni mwangu. Sijaisogelea televisheni. Nimefua mashuka ambayo hayana uchafu.

Naogopa nitamsikia akinijibu "nenda, namaliza". Nikishaisikia kwa masikio yangu, nitamlishaje?

Jumamosi, 13 Desemba

Nimeisikiliza. Asubuhi, Baba amelala, mimi jikoni, kompyuta ya shule na vipokea sauti masikioni. Naandika kwa utaratibu nisije nikajidanganya baadaye.

Dakika ya kumi na nane adhana inasikika kwa mbali, juu ya sauti za farasi. Baba ananyamaza mpaka inakwisha. Anaendelea.

Dakika ya ishirini mfalme yuko kwenye ukumbi wake. Kombo na Riziki wamejificha nje. Baba anamsemea mfalme: "Nakuona nyuma ya mlango. Anayeingia humu hatoki."

Hapo nikakumbuka. Si kwa akili. Miguu ilikumbuka, ikawa baridi. Mlango wa mbao, rangi ya kijani inayobanduka. Mimi nimesimama mbele yake, mkono uko juu ya kitasa. Ndani mfalme ananiambia ananiona.

Mfalme anaendelea kusema. Ana maneno mengi kwenye mkanda huu, ukumbi, vita, ukumbi tena. Hakuna hodi. Nilitazama dakika zikipita nikaomba hodi ije. Thelathini. Arobaini. Hamsini.

Dakika ya hamsini na tatu kuna wimbo wa wanawake, hakuna wa kumsemea, Baba yuko kimya. Ndipo hodi. Ndogo, kama kucha. Kisha sauti ya mtoto: "Baba. Mama akwita."

Hiyo tu. Sikusema damu. Sikusema mbio.

Mlango unafunguka. Baba anauliza: "Umekuja lini, mwanangu? Mbona umelowa?" Kiti kinaanguka. Maiki inagonga kitu. Hakusema nenda. Hakusema namaliza. Nyayo zinatoka mbio, na filamu inaendelea kwa Kiingereza bila mtu mpaka mwisho.

Aliniona nimelowa. Alijua palepale nimesimama hapo muda mrefu, na kwa nini. Akaenda akawaambia watu alikuwa anamaliza kazi.

Jumapili, 14 Desemba

Nimemlisha. Uji umemmwagikia kifuani. Alinitazama sana. Sikuweza kumtazama.

Nilikuwa na miaka sita. Nimeliandika hapa mara tatu nikalikata. Ni kweli, na halinisaidii.

Pengine hata ningegonga mapema Mama asingepona. Gari lilikuwa moja Konde nzima. Sijui. Hakuna wa kuniambia. Hili la kutojua ndilo linaloniogopesha kuliko mfalme, kuliko presha.

Jumatatu, 15 Desemba

Nimejaribu kumwambia. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikasema, Baba, nimeusikiliza wa tatu. Akafumba macho. Nikasema, ni mimi niliye…

Akainua mkono wa kushoto akaniziba mdomo. Kiganja kizima, kikavu, kinanuka dawa. Hakubonyeza. Akaniweka hivyo mpaka nikanyamaza. Kisha akafungua kinywa chake, akahangaika, mshipa wa shingo umesimama, nikaogopa presha. Likatoka neno.

"Basi."

Neno la kwanza tangu augue. Kalitumia kunificha tena.

Jumanne, 16 Desemba

Sikutii. Mara yangu ya kwanza kutomtii nikiwa mtu mzima.

Naogopa kuliko siku zote. Shangazi ndiye aliyenilea. Ndiye aliyenisuka nywele, ndiye aliyenipeleka chuoni, ndiye aliyefunga kanga yangu siku ya harusi na ndiye aliyenipokea nilipoachika. Sina mwingine. Nikimwambia, huenda nikabaki na bubu mmoja kitandani na basi.

Na nisipomwambia, Baba anaweza kufa wiki hii, na dada yake atamzika na kinyongo kisicho chake.

Nimempigia simu. Anakuja keshokutwa.

Alhamisi, 18 Desemba

Nimemvika Shangazi vipokea sauti, jikoni, nikamwekea kutoka kwenye adhana. Sikumweleza kitu. Nilisimama mlangoni kama mshitakiwa.

Alisikiliza yote. Hakusogea. Alipofika kwenye hodi aliweka mkono kifuani. Alipomaliza alivivua taratibu, akaviweka mezani, akavinyoosha waya.

"Nilikutuma wewe," akasema. "Nilijua unakiogopa kile chumba. Kila mtu alijua. Mkunga akasema mtume mtu mzima, nami nikasema mtoto ana mbio."

Nikaanza kulia. Akaniambia ninyamaze, si kwa ukali. Akasema asinisikie tena nikiubeba huu mzigo peke yangu, kwamba kama ni kuugawa tutagawana sote na kila mmoja atapata kidogo. Sijui kama nimesamehewa. Sidhani alilitazama hivyo. Aliosha uso kwenye beseni akaingia chumbani kwa Baba.

Hakufunga mlango. Nilimwona amekaa chini, kwenye mkeka, ameegemeza kichwa godoroni karibu na mguu wa kaka yake ulio hai. "Kaka," akasema. "Kaka Faki. Ungeniambia." Baba akawa anampapasa ushungi. Walikaa hivyo mpaka alasiri. Nikawapelekea chai, ikapoa.

Ijumaa, 19 Desemba

145 kwa 90. Shangazi kalala hapa. Kaamka mapema kuliko mimi, kampikia Baba mtori wa ndizi, kampa mwenyewe. Anamwongelesha bila kukoma, habari za Konde zote, nani kaoa, nani kauza shamba. Kama mtu anayelipia siku alizonyamaza.

Bado naogopa. Nimeota ule mlango. Lakini ndotoni ulikuwa wazi.

Jumapili, 21 Desemba

Leo ya nne. Hii Baba hakuwahi kuisemea, ni Kiingereza kitupu. Aliionyesha kwa kidole, akanionyesha mimi. Nikaisimulia. Nilitafsiri vibaya, nachelewa, watu wawili wakiongea pamoja nawachanganya. Shangazi akawa ananiuliza huyu nani, yule nani.

Mfalme mfu anakufa kweli mwishoni. Nilimsemea. Sauti yangu haikuwa nzito ya kutosha. Linaondoka taji tu, giza linakuwa hewa ya kawaida, na unaona nyuma yake ukuta wa mawe ulikuwapo siku zote. Sikukimbia.

Tukamkalisha Baba barazani kwenye kiti, mito pande zote. Mvua ilikuwa imekatika. Mtaa mzima wa Madungu unanuka udongo. Jirani yule mwenye gari akapita akitoka msikitini.

"Asalaam alaykum, Mzee Faki."

Baba akashusha pumzi. Tulisubiri. Jirani naye akasubiri, kofia mkononi.

"Wa alayka," Baba akasema.

Nusu yake tu. Jirani akaitikia kwa kichwa, akenda zake. Shangazi akainuka kuanika nguo.