Hii Si Hedhi

Jumatatu, 29 Januari 1996
Nimefua tena shuka kabla ya daku, mlango wa choo nimeutia komeo. Vitambaa vimelowa vyote, na mabonge juu yake. Kisha nikapika daku la watu wanaofunga, na mchana nikala langu nyuma ya pazia la jikoni kama mwizi. Wiki ya tatu hii. Mara mwili unawaka, mara jasho, mara baridi. Miaka arubaini na tisa. Nimechoka na nimekasirika.

Jumatano, 31 Januari
Leo nilitaka kuanguka Ndia Kuu, mbele ya duka la vitambaa. Nikashika ukuta. Buibui ni jeusi, hakuna aliyeona kitu. Nyumbani nikamwambia Athmani, mume wangu, nataka daktari. Hajajibu, dadake Mwanaisha akadakia. Tangu afiwe na mumewe anakaa nasi, na ndiye anayeamuru. Ati damu ya uzee hukoma yenyewe. Ati mtu mzima hendi kufunuliwa na wanaume. Athmani akatazama mkeka.
Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi sifi kwa ajili ya haya za Mwanaisha.

Alhamisi, 1 Februari
Nimekwenda kwa Ustadha, anayetusomesha wanawake mtaani. Nimesema yote. Akaniuliza siku ngapi. Kumi na tano, ambazo ndizo mwisho wa hedhi, zimepita zamani.
"Basi hii si hedhi, dada. Hii ni istihadha, ni maradhi. Koga, jifunge vizuri, tia udhu kila swala, uswali. Na hospitali uende."
Kumbe swala nimeziacha bure, nikijihesabu sina twahara. Nimelia njiani, kwa hasira. Tulifundishwa kunyamaza tu, hili hatukufundishwa.

Jumamosi, 3 Februari
Nimekwenda Tudor, kwa daktari mwanamke. Ruhusa sikuomba. Nilimwambia Athmani nakwenda, nikavaa buibui, nikatoka. Nimepigwa picha ya tumbo. Uvimbe kwenye kizazi, mkubwa. Hedhi ikikaribia kukoma huvurugika, kasema, lakini damu kama hii si ya kuvumilia. Haoni dalili ya saratani, ila amechukua kipande kikapimwe. Damu mwilini imenipungua mno, amenikataza kufunga. Vidonge. Baada ya Idi, kizazi kitolewe.
Naogopa. Nitakitoa. Kimenizalia watano, kazi yake kimemaliza.

Jumapili, 4 Februari
Mwanaisha kaniona nikinywa uji mchana, kisha kaniona natandika mswala adhuhuri. Kasema kwa sauti ya kusikika barazani: "Swaumu huna, swala unayo. Dini gani hiyo, wifi?"
"Ya Mwenyezi Mungu. Kamuulize Ustadha."
Hakwenda kuuliza. Kaenda kwa jirani, na jirani mdomo hauna kifuniko. Sasa mtaa mzima unajua natokwa na damu. Na wajue. Wangapi wamefua usiku wao wenyewe, wakaanika ndani?
Magharibi Athmani kaniletea maini ya kukaanga, kaniwekea mbele yangu. Bado nina hasira naye. Nimeyala yote.

Jumanne, 6 Februari
Tarawehe nyumbani kwa Ustadha, wanawake watupu. Nilijifunga mara mbili, nikatia udhu, nikaingia. Nafasi ilikuwa safu ya nyuma, kando ya Mwanaisha. Nikasimama. Akasogea. Pengo la mtu mzima likabaki baina yetu, na wenzetu wakageuka kutazama.
Safu haiachwi pengo, hata mtoto wa chuo cha Kurani anajua. Nikasogea, bega kwa bega. Akasogea tena. Nikamfuata. Mara ya tatu akafika ukutani, hana tena pa kwenda, na mguu wangu u kando ya wake.
Ustadha akatoa takbiri. Tukaswali.