Matope ya Boila na Mama Mkwe

Phurba, nimekwisha. Nimemrushia mama yake mchumba wangu Smriti matope ya boila!

Walikuja stesheni na kapu la momo, vile viandazi vya nyama vya mvuke, kumwona mkwe mtarajiwa akiwa kazini. Sifa zikanipanda. Nikafungua vali ya chini ya injini ya treni, ile ya kutoa tope la boila, bila kupiga honi kwanza kuwaonya watu.

Bila honi, Phurba! Mimi!

Kwa bahati mama alisimama mbali kidogo, hakuungua. Lakini sari yote kutu tupu, momo nazo zimeogelea.

Akajifuta uso taratibu. "Marehemu mume wangu hakuwahi kuigusa hiyo vali kabla ya honi."

Nikasema, "Mama, nisamehe."

Hata hakunitazama. Akamgeukia Smriti: "Huyu haangalii nani kasimama ubavuni mwake. Ndiye unayemtaka?"

Smriti akainamisha macho kwenye reli. Kisha akabeba kapu, akamfuata mama yake.