Nilikuwa Nikiwauzia Tumbaku

Jumatatu, 2 Agosti 1948
Misokoto hamsini kabla ya saa nne. Vidole vyanuka tumbaku hata nikivisugua kwa ndimu. Saa sita nikawa langoni pa karakana, hapa Changamwe, kama kila siku. Wanaume wakatoka weupe kama waliomwagiwa unga. Kazi yao ni kubandua ile pamba ya mawe inayofunika boila za meli. Wanaipasua kwa patasi, inapeperuka, wanaimeza. Karisa, mume wangu, ndiye mkongwe wao. Miaka kumi na tisa.
Nikaita kama kawaida: "Vuteni, moshi hufukuza vumbi." Misokoto ikaisha yote.
Karisa anakohoa tangu Pasaka. Asema ni mafua. Mafua gani ya miezi minne.

Jumatano, 11 Agosti
Nimekuta damu kwenye leso yake. Ameikunja ndani ya mfuko wa suruali ya kazi. Si tone. Nikamwuliza, akasema ni ufizi. Ananidanganya mimi niliyemzalia watoto wanne. Nimekasirika mpaka nimeunguza sima.

Jumanne, 17 Agosti
Hospitali. Daktari Mzungu, mzee, Kiswahili chake cha taratibu lakini chaeleweka. Akampiga picha ya kifua. Si kifua kikuu. Ni uvimbe kwenye pafu la kushoto, saratani, wala haukatiki. Akauliza kazi, akauliza miaka. Akasema vumbi lile ameliona likiharibu vifua vya wengine. Kisha akauliza, "Wavuta?"
Karisa akanitazama mimi. "Navuta."
Daktari akasema hawezi kuapa, ila kwa aliyoyaona, moshi juu ya vumbi ni ubaya juu ya ubaya. Akasema pia ile pamba ingeloweshwa maji kabla ya kubanduliwa, isingepeperuka hivyo. Maji tu. Na bomba liko pale pale uani.


Jumatano, 18 Agosti
Nimekwenda kwa msimamizi, Bwana Athmani. Nimemwamkia kwa heshima, ameitika vizuri. Nikamweleza. Akanisikiliza huku akiivua ile barakoa aliyopewa na ofisi. Yeye anayo. Watu wake wanafunika pua kwa mikono.
"Mama Sidi, pole sana," akasema. "Lakini wallahi, mumeo avuta mno. Na tumbaku yenyewe ni yako."
Nimerudi nyumbani. Namchukia. Namchukia zaidi kwa kuwa hakusema uongo. Lakini ukweli wake ni nusu, na ile nusu nyingine ameivaa usoni.

Jumamosi, 21 Agosti
Tumbaku yote nimeitupa chooni. Jioni Karisa akaomba msokoto mmoja. Nikakataa. Akaomba tena, kwa upole, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Nikamfokea. Nikamwambia amejiua mwenyewe.
"Nimejiua kwa mkono wa nani?" akauliza.
Nikatoka nje.

Jumatatu, 23 Agosti
Langoni, mikono mitupu. Nimewaambia wote alivyosema daktari. Acheni tumbaku. Daini maji. Wakacheka. Ngala, rafiki wa Karisa, hakucheka. Akasema, "Shemeji, aliyetuambia moshi hufukuza vumbi ni wewe."
Ni mimi. Nikakiri mbele yao. Sikujua, na nilipenda kutokujua.
Mlinzi akanifukuza. Nitarudi kesho.

Ijumaa, 27 Agosti
Siku ya tano. Kuna mwanamke mwingine sasa, auza sigara moja moja pale pale niliposimama. Wananunua kwake huku wananitazama. Nilitaka kulipindua sinia lake. Nimejizuia. Atalisha watoto wake na nini?

Jumatatu, 30 Agosti
Karisa alisikia kuwa nachekwa. Leo akavaa shati la kanisani, akanifuata. Mwendo wa robo saa umemchukua saa nzima. Akaketi chini langoni. Hakuhutubia. Wenzake walipotoka wakamzunguka, wakamsikiliza anavyovuta pumzi. Sauti kama msumeno kwenye ubao mbichi.
Ngala akamwuliza, "Ndivyo ilivyo usiku pia?"
"Usiku ni mbaya zaidi," akasema Karisa.
Kengele ya saa saba ikalia. Hakuna aliyeingia. Msimamizi akaja, akatisha, akamtaja bwana mkubwa. Wakaketi chini pamoja na Karisa, watu thelathini na zaidi. Saa tisa hivi mpira wa maji ukavutwa kutoka bombani hadi kwenye boila. Wakubwa walikuwa nao muda wote.
Sikufurahi. Nilitaka kupiga mayowe. Saa mbili za kuketi chini, na wakubwa hawa wametuacha vumbini miaka kumi na tisa.

Jumapili, 12 Septemba
Hawezi kulala chali. Nimemwegemeza kifuani pangu. Nimemwomba msamaha kwa lile neno, kwamba amejiua. Akasema na yeye amelisema lake.

Alhamisi, 7 Oktoba
Karisa amefariki alfajiri.

Jumamosi, 23 Oktoba
Kaloleni, kwao Karisa. Tulimzika hapa karibu na babake. Ngala aliniletea habari: maji wanamwaga bado, ila barakoa hakuna. Watatu wameacha tumbaku. Yeye hajaacha.
Leo nilikuwa barazani na mavyaa, mamake Karisa, tukipukuchua mahindi. Akauliza kama ni kweli vumbi linaweza kumwua mtu. Nikasema ni kweli. Hakuuliza jingine. Ningeweza kuliacha hapo. Nikamwambia na habari ya tumbaku, kwamba nilikuwa nikiisokota mimi, nikiwauzia, na Karisa nikimpa bure.
Sikumtazama. Kisha akausogeza ungo kutoka kwake, ukawa katikati yetu, nami niufikie. Tukaendelea mpaka mahindi yakaisha.