Nyumba ya Mvua Kwenye Dhahabu

Jumatatu, 22 Mei

Imetoka! Sarafu ya nne, Nyumba ya Mvua, ule mnara wa kale wa kijijini kwetu. Saa nne asubuhi Nazario aligonga ya kwanza, mimi nimesimama pembeni na lenzi jichoni, roho juu juu. Ngazi zote zipo. Mlango mdogo wa juu upo. Na yule mungu wa mvua ukutani, pua yake iliyokatika nimeiacha hivyohivyo, imekatika.

Don Anselmo alitaka nimchongee pua mpya. "Geydi, mteja hanunui pua mbovu." Nikamwambia nimekulia chini ya pua hiyo na sijaiona nzima hata siku moja. Akashika kiuno, akacheka, akaniachia. Bosi wangu ana vituko vyake lakini hana kinyongo.

Ikitoka mashineni sarafu huwa na joto kama tortilla, chapati ya mahindi. "Usije ukaitafuna," kasema Nazario. Miaka kumi na tisa anaendesha mashine ile, na anaisemesha kama mtu anavyomsemesha nyumbu mkaidi. Haya mama, haya mrembo, shuka. Na inashuka!

Mia nne kufikia Ijumaa. Joto la Mérida leo halisemeki. Feni moja, watu sita.

Jumatano, 24 Mei

Habari motomoto! Uzinduzi wa sarafu hautafanyika hotelini. Utafanyika Xkulín — kwetu! — chini ya mnara wenyewe, Jumamosi ya tarehe tatu. Wakubwa wa jimbo watakuja, na kamera.

Halafu Nazario na domo lake. Kamwambia Don Anselmo kwamba mama yangu, miaka sabini na mmoja, anahudhuria darasa la watu wazima pale kijijini na amejua kusoma Kimaya. Don Anselmo macho yakamtoka. "Basi yeye ndiye atakayesoma maandishi ya sarafu! Bibi wa Kimaya, lugha ya Kimaya, dhahabu ya Kimaya! Mbele ya kamera!" Kazunguka karakana nzima akijipongeza.

Nikampigia Mama simu. Hakuuliza atasoma nini. Kauliza, "Nivae gauni lipi?"

Jumapili, 28 Mei

Naandika kwenye basi la kurudi mjini, mkono unaruka, wacha uruke.

Nilimpelekea Mama sarafu moja afanye mazoezi. Nilitia saini karatasi tatu kuitoa karakanani, nikaishona ndani ya mfuko wa sketi. Nimemkuta kwenye bembea yake ya kulalia, daftari la darasani mapajani, miwani mipya inaning'inia shingoni kwa uzi mwekundu. Nyama ya nguruwe ilikuwa imetoka shimoni ilikookwa, nyumba nzima inanukia machungwa machungu. Tukala kwanza. Mama hasomi na njaa.

Kisha akanawa mikono mara mbili. Akavaa miwani. Akashika dhahabu kwa ncha za vidole, akaanza kufuata herufi kwa ukucha, polepole, midomo ikitangulia.

"Yo-toch..."

Nilikuwa natabasamu kama mjinga. Sijawahi kumwona mama yangu akisoma kitu.

"...Chak."

Akaigeuza. Akairudia. "Mwanangu, hii nyumba wameipaka rangi lini?"

"Rangi gani, Mama?"

"Mmeandika Nyumba Nyekundu."

Nikacheka. Nikamwambia hapana, ni Nyumba ya Mvua, angalia vizuri. Akaniangalia juu ya miwani. "Mvua ni *cháak*. Ina *a* mbili, na ya kwanza ina kijiti kichwani. Hii ni *chak*. Nyekundu, kama pilipili." Halafu akaangua kicheko mpaka bembea ikayumba. "Nyumba Nyekundu! Inafunguliwa saa ngapi? Bia ipo?"

Ndipo akaona uso wangu. Akaacha kucheka.

"Nani kaandika?"

Mimi, Mama. Mimi.

Karatasi ya maandishi niliyopewa ilikuwa sahihi. *A* mbili, na kijiti. Lakini herufi zilikuwa zinabanana karibu na mwaka, nikaona ile *a* ya pili ni kidole cha mchapaji kimeteleza, na kijiti ni uchafu wa printa. Nikaviondoa. Nafasi ikakaa vizuri! Nikajisifu!

Mimi niliyeongea Kimaya kabla ya kuota meno. Kuongea, ndiyo. Kuandika nani alinifundisha? Darasa la kwanza niliomba maji kwa Kimaya, mwalimu akanisimamisha juani hadi mapumziko. Baada ya hapo nikajifunza kuandika Kihispania, tena kwa mwandiko mzuri mpaka nikapata kazi ya kuchonga herufi.

Sarafu mia nne. Zote nyekundu.

Jumatatu, 29 Mei

Nimemwambia. Niliingia ofisini saa mbili kamili, kabla sijapata muda wa kubadili mawazo.

Don Anselmo alichukua sarafu, akaitazama, akaniuliza tofauti iko wapi. Nikamwonyesha. Akauliza tena tofauti iko wapi. Akasoma kwa sauti yale mawili, na kinywani mwake yote yakatoka sawasawa.

"Mnunuzi wetu mkubwa ni Mjerumani," akasema. "Mjerumani gani huyo anajua Kimaya?"

"Wa Xkulín wanajua."

"Wa Xkulín wananunua?"

Akainuka, akaenda dirishani. Alikuwa hajakasirika, na hilo ndilo lilinisumbua. Alikuwa anapiga hesabu kichwani. Visanduku vya mwerezi vimeshafungwa. Wakubwa wameshaalikwa. Tukisema sasa, serikali ya jimbo itatoa kazi ya sarafu ya tano kwa watu wengine, na watu sita tutakaa nyumbani tukitazama dari. Akafungua faili, akanionyesha ile karatasi ya kuidhinisha. Saini ya kwanza, yangu. Ya pili, yake. Naye hakusoma.

"Mimi na wewe tumo pamoja," akasema, kwa upole kabisa. "Mama yako atasoma 'mvua.' Watu watasikia 'mvua.' Baadaye tutarekebisha kimyakimya. Zungumza naye."

Nikasema sawa.

Nilisema sawa!

Jumatano, 31 Mei

Saa za chakula cha mchana sili. Nachonga plasta mpya, kielelezo cha sarafu. Unajua ilihitaji nini? Kuondoa kile kinyota nilichokiweka kati ya maneno, basi. *A* ya pili imeingia, kijiti kimesimama kichwani, hakuna iliyobanana.

Nazario kaja na soda yake, kainama, kaangalia. "Kumbe nafasi ilikuwepo."

"Ilikuwepo."

"Ukaipa nyota." Kanywa soda. "Binti wa Kimaya kaitimua mvua, kaweka nyota. Ndiyo maana joto haliishi."

Nilimtupia kitambaa. Nilicheka, lakini ilinichoma.

Don Anselmo kapita mlangoni. Kaiona plasta. Karudishia mlango taratibu.

Ijumaa, 2 Juni

Xkulín. Wanaume wanafunga turubai mbele ya ngazi za mnara, wanagombana kuhusu kamba. Viti mia mbili vya plastiki. Kuna mtu kaleta maua ya karatasi, jamani, na msitu wote huu unachanua!

Nilingoja mpaka Mama amalize kupiga pasi gauni. Lile jeupe la kutarizi, la harusi ya dada. Nikamwambia. Nilizunguka sana kabla ya kufika. Kazi, watu sita, Mjerumani, sarafu ya tano. Kisha nikasema: kesho, Mama, usome tu *cháak*, kama inavyotakiwa iwe.

Aliweka pasi chini.

"Unataka nijifanye sijui kusoma."

"Hapana, Mama! Nataka usome ilivyotakiwa —"

"Hiyo si kusoma. Hiyo ni kukariri. Kukariri nilijua zamani, kanisani nakariri tangu mtoto. Miaka miwili nimekwenda darasani, jua kali, mvua kali, ili nisome kilichoandikwa."

Akauliza, bila kunitazama: "Watakufukuza?"

"Labda."

Akachukua pasi tena. Gauni lilikuwa limeshanyooka, akaendelea tu kulipiga.

Jumamosi, 3 Juni. Mchana

Niko jikoni kwa Mama. Nimejiketisha kwenye gunia la mahindi na daftari hili. Nje kelele. Wacha niandike haraka kabla hawajaniita.

Ilianza vizuri. Hotuba tatu, zote ndefu. Mnara nyuma yetu, jua likiupiga, ule uso wa mungu wa mvua na pua yake mbovu ukitutazama. Wanafunzi wa darasa la Mama walikaa mstari wa mbele: bibi sita na mzee mmoja, kila mmoja na daftari lake mkononi, ingawa hakuna aliyewaambia walete.

Don Anselmo akamwita Mama. Doña Eusebia Kantún, akasema, ambaye katika umri wake ametuonyesha kwamba kujifunza hakuna mwisho! Makofi. Akampa sarafu kwenye kitambaa cha mahameli. Kamera zikasogea.

Mama akaishika. Miwani ilikuwa kifuani, inaning'inia pale pale kwenye uzi wake mwekundu. Hakuivaa. Akanitafuta kwa macho kati ya watu, akanipata. Sitausahau ule mtazamo. Wala haukuwa wa kunilaumu.

Akasogelea kipaza sauti. Akasema kwa Kihispania, kwa sauti ndogo ambayo si yake:

"Samahani wakubwa. Mimi bibi kizee tu. Kusoma... sijui."

Watu wa mjini wakasema aaah, wakapiga makofi ya huruma. Mkubwa mmoja wa jimbo akampigapiga begani kama mtoto aliyejikwaa. Bibi sita wa mbele hawakupiga makofi. Walikaa na madaftari yao, wakimtazama mwenzao kama hawamjui. Na Don Anselmo — Don Anselmo alipumua! Nilimwona mabega yakishuka.

Hapo ndipo nikajikuta nimesimama. Sikuamua. Miguu iliamua.

Ikatoka kwa Kimaya. "Anajua! Mama yangu anasoma kuliko mimi. Maandishi ndiyo yamekosewa, na niliyekosea ni mimi."

Bata mzinga wa jirani akalia, yeye peke yake. Nikarudia kwa Kihispania, kwa ajili ya kamera, maana nilikuwa nimeshaanza. Nikasema mimi ndiye mchongaji, naongea Kimaya, kukiandika sijui, na badala ya kuuliza nilifuta nisichokijua.

Nilidhani nitalia. Sikulia. Nilitaka maji tu.

Na Mama? Mama akavaa miwani. Akarudi kwenye kipaza sauti, mgongo umenyooka, sauti yake ile halisi ya kuita kuku toka kona ya pili. "Yo-toch Chak!" akasoma. Kijiji kizima kikaangua kicheko, bibi wa mbele wakapiga madaftari mapajani. Mtu wa nyuma akauliza bia bei gani. Mama akangoja wanyamaze, kama mwalimu, kisha akasema: "Hivyo ndivyo ilivyoandikwa. Sasa nitawaambia inavyotakiwa." Akaitaja, herufi moja moja, *a*, kijiti, *a*, mpaka mwandishi mmoja wa gazeti akaanza kunakili.

Don Anselmo alikuwa na rangi ya ukwaju.

Huyo anakuja. Namwona dirishani —

Ameingia. Naandika kichwa chini ili nisimtazame. Kofia mkononi, jasho mpaka kwenye mkanda. Nje gari la wakubwa linapiga honi, wanamtaka, amewapungia mkono wangoje. Nimesema, "Don Anselmo, mimi —" Akaniinulia kidole. Si sasa, Geydi.

Kamgeukia Mama. "Doña Eusebia, wananiuliza pale nje nitaiandikaje mpya. Nimewaambia nitairekebisha. Wameniambia nitamke, nimetamka, wamecheka. Nifundishe. Haraka, tafadhali."

Mama kamvutia kile kigoda kifupi cha kukandia unga. Bosi wangu kakaa, magoti yamemfika kidevuni.

"Sema: *cháak*."

"Chak."

"Hiyo nyekundu. Tena."

"Chak."

"Ivute kidogo. Ipandishe."

Honi imelia tena. Yeye hasikii, kafumba macho. Hajaniambia kama Jumatatu niende kazini au nisiende. Mimi sijauliza. Mama kavuta kiti chake mpaka magoti yao yanagusana, kamshika kidevu kwa vidole viwili, hivi, kama alivyokuwa akinishika mimi wakati wa dawa.

"Fungua mdomo, Don Anselmo. Tena."