Neno Ulilotaka Nikupe

Baba Neema,

Tulikuzika kwenu Ilomba kama ulivyotaka, nikarudi Iringa kwa basi nikiwa nimechoka hoi. Neema nimemwacha kwa bibi yake mpaka nipate nguvu. Nyumba imekuwa kubwa ghafla, na baridi ni ile ile uliyokuwa ukiilaani kila asubuhi.

Mwalimu mpya wa fizikia wa kushika nafasi yako hajaletwa. Mkuu wa shule akaniambia, "Mama Neema, si ulikuwa unamsikia mumeo akijiandaa? Wafundishe wewe kwa sasa." Mimi wa Kiswahili! Nikakubali kwa sababu sikuwa na nguvu ya kubisha.

Kwa hiyo jana nilifundisha nyota zako. Kidato cha Tatu walitoka shamba la shule moja kwa moja, wamechoka kama mimi. Unakumbuka tulivyogombana? Nasonga ugali, ukaja jikoni na jarida lako la Kiingereza, ukitaka nikupe neno la Kiswahili la kile kitu ambacho wataalamu wanadhani wamekipata juzijuzi: nyota kubwa iliyokufa, ikajikunja ikawa ndogo na nzito kupita kiasi, hata mwanga hautoki. Ukasema tuite shimo jeusi. Nilicheka mpaka mwiko ukaniponyoka. Nikakwambia watoto watafikiri ni choo cha bweni. Ukanuna. "Basi nipe la kwako." Sikukupa. Tukasema tutaona, halafu homa ile...

Nikaandika shimo jeusi ubaoni. Sauti ikatoka nyuma: "Mwalimu, kama lile la bwenini?" Darasa zima likaangua kicheko, nami nikacheka nao, mara ya kwanza tangu msiba. Nilitamani uwepo nikutanie.

Kisha Atupele, yule binti wa dawati la mbele, akauliza: kama halionekani, wanajuaje lipo? Hilo ulikuwa umenieleza. Nikawaambia jirani yake ipo nyota inayoonekana, wanaichunguza hiyo. Inazunguka tu, inazunguka kitu ambacho sisi hatukioni.

Nikashindwa kuendelea. Mimi bado nalala upande wa ukutani, Baba Neema. Chai napika birika zima, kisha namwaga. Nikisikia baiskeli nje jioni, nainuka. Nikawapa zoezi, nikaenda kulia nyuma ya stoo ya mahindi.

Neno lingine sina. Nimelitafuta, nimechoka. Nililikataa lako kwa kuwa shimo ni mahali patupu, nawe ukashikilia kwamba uzito wote umo mle ndani. Sasa nimekuelewa, na inauma kwamba nimekuelewa peke yangu.

Pumzika, mume wangu. Shule zikifungwa nitamfuata Neema. Darasa lako sitaliacha, nakuahidi, hata siku nikiingia nikijikokota. Mwalimu mpya akifika nitamkabidhi wanafunzi pamoja na shimo jeusi lako, na ole wake akilibadilisha.

Mkeo,
Mama Neema