Ua Lililoota Lenyewe

Mwera, Pangani

Mdogo wangu Yakoub,

Salamu nyingi kwako, kwa Tuhfa na wanao. Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa. Sisi tu wazima, ila mama bado anaugua, miguu imemvimba. Ningekupigia simu huko Horohoro, lakini nakujua, ungenikatiza maneno kabla sijafika mwisho.

Juzi mama aliniagiza nikasafishe kaburi la marehemu baba, penye lile ua la rangi ya waridi, maana anataka azikwe ubavuni pake. Nilikwenda na Sabiha, mwalimu jirani yetu. Nikamwonya asilikanyage, mama alilipanda mwenyewe siku ya maziko ili kaburi lisipotee.

Sabiha akainama kulichunguza. Shina limevimba chini kama mtungi, majani yapo nchani tu, na katikati ya ua ni peupe. Alipovunja kitawi ukatoka utomvu, akanikataza kuugusa, akasema una sumu. Akaniambia ni ukoo mmoja na yale maua tunayopanda makaburini, ila hili ni la mwituni, laishi miaka mingi, na hakuna aliyelipanda. Akanionyesha mengine, yametapakaa mawe yote mpaka kichakani. Nilimbishia, tena kwa hasira. Kisha nikatazama vizuri kile tulichokiita kaburi: ni rundo la mawe ya matumbawe, na mzizi umejikita katikati. Moyo ukaniuma. Mama tutamzika kando ya nani?

Nilipomuuliza mama, hakukana. Alisema baba alifia Pemba, alikokwenda kuchuma karafuu, akazikwa hukohuko kabla habari hazijatufikia. Wewe ukawa kila jioni unakwenda barabarani kumngoja, chakula hutaki. Akaona utamfia. Ndipo akatushika mikono, akatupeleka penye ua, akasema baba yenu yupo hapa, na ua hili nimelipanda mimi. Ulilia sana, ukarudi nyumbani ukala. Wazee walijua, wakamsitiri.

Nikamwambia basi tutampeleka Pemba alale karibu na mumewe. Akakataa kabisa. Alisema yeye humwombea baba kila sala, na dua haihitaji nauli. Anataka azikwe penye ua kwa sababu wewe umezoea kwenda pale.

Njoo kabla ya Ijumaa, ndugu yangu. Anaogopa utamkasirikia, na tangu aniambie hayo hali chakula vizuri. Ukifika, mwamkie, kisha kaa naye ule naye.

Mola akulinde njiani.

Dada yako,
Semeni